Jani Moja la Isale

Anayetaka hadithi ya kuchekesha aende kwa jirani. Huko wanazo, na wanazipamba. Hii yangu nimeisimulia mara nyingi, na kila nikiimaliza kuna mtu huondoka amenuna. Mume wangu mwenyewe alininunia siku mbili. Kwa hiyo kaeni sawasawa, na wewe mwenye shingo ndefu pale nyuma usiniharakishe.

Hapo zamani palikuwa na kijiji cha mwisho. Nakiita cha mwisho kwa sababu ukikipita hukuti tena shamba wala moshi. Juu ya kijiji kuna msitu. Juu ya msitu kuna uwanda wa nyasi fupi. Juu ya uwanda kuna barafu, nayo imekaa pale mlimani jua liwake lisiwake.

Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja na binti yake wa pekee, Mkunde. Mjane huyo watu walimwita Mama Mkunde, na jina lake la usichana walikwisha kulisahau. Mkunde akachumbiwa na Lekule, kijana wa ng'ambo ya mto, mpole, asiyejua kungoja.

Sasa shikeni desturi ya watu wale, maana bila desturi hadithi hii haina miguu. Binti akichumbiwa, kabla ya harusi alipanda hadi kule uwandani, akakinga kwa kibuyu maji yanayotoka chini ya barafu, akayaleta nyumbani. Hayo ndiyo maji ya pombe ya ndizi ya kwanza atakayowapikia wakwe zake. Hakupanda peke yake. Mbele alitangulia mjomba wake, katikati alikwenda wifi yake, nyuma alifuata yeye. Bwana harusi alibaki nyumbani, na ole wake aonekane njiani, harusi ingesogezwa mwaka mzima.

Na humo msituni hakuna kutaja jina la mtu. Wazee walisema msitu ule unasikia. Jina likitamkwa chini ya miti yake, msitu hulishika, na mwenye jina hatoki tena akiwa mzima. Basi huimbi, hupigi kelele, humwiti mwenzako. Unanong'ona tu pale inapobidi.

Mtaniuliza, watu wasioweza kuitana watajuaje kwamba wako pamoja? Walikuwa wanagonga. Kila mmoja ana fimbo. Wa mbele anagonga shina la mti, ko. Wa kati anajibu, ko. Wa nyuma anajibu, ko. Zikisikika tatu, wote wapo, twendeni. Zikisikika mbili, simameni, na msiinue mguu mpaka ya tatu isikike.

Siku ikafika. Mama Mkunde akamfunga binti yake kibuyu mgongoni, akakifungua, akakifunga tena, ingawa mara ya kwanza kilikuwa kimekaa vizuri.

"Mama, utanichelewesha," Mkunde akasema.

"Nenda basi," mama akasema, na mkono wake ukabaki begani mwa binti.

Mbele akatangulia Kisamo, kaka yake Mama Mkunde, aliyekwisha kuwaongoza mabibi harusi zaidi ya ishirini. Katikati akaingia Ndeshi, dada mkubwa wa Lekule. Nyuma akafuata Mkunde. Ko, akagonga Kisamo. Ko, akajibu Ndeshi. Ko, akajibu Mkunde.

Njia ile ni ya kimya. Miti ina ndevu za kijani zinazodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Matope meusi yanameza mguu hadi kwenye kifundo. Mbega wanakutazama kutoka juu, nao hawalii. Mkunde aliogopa. Nasema wazi, aliogopa, viganja vilimtoka jasho katika baridi ile. Ndeshi akageuka akamnong'oneza, "Wifi, woga wa leo ni wa kila mwanamke. Tembea nao tu." Ko, wa mbele. Ko, wa kati. Ko, wa nyuma.

Walipofika penye mti mkubwa wenye pango, mluzi mwembamba ukasikika pembeni. Ndeshi hakushtuka, kwa kuwa jana yake Lekule alikuwa amemwomba: "Dada, huko juu kuna baridi, na yule hana nguo nzito. Nina ngozi ya kondoo. Nimpe tu, kisha nirudi." Ndeshi alikuwa amemkatalia, na Lekule akaendelea kumtazama mpaka akakubali. Ndugu wa kiume ndivyo walivyo. Sasa Ndeshi akamwangalia Mkunde, akampa ishara ya jicho. Mkunde akatoka njiani, akaingia nyuma ya mti.

Mbele, Kisamo akagonga. Ko.

Ndeshi akajibu. Ko. Kisha akasikiliza nyuma. Kimya. Akafikiri, nikiacha iwe mbili, mjomba atasimama, atarudi, atamkuta ndugu yangu, harusi itakufa. Akageuza uso nyuma, akachagua shina la mbali kidogo, akagonga polepole mara nyingine. Ko.

Kisamo akasimama. Sikio lake lilikuwa la miaka mingi katika njia ile. Ile ya tatu ilikuwa karibu mno na ya pili. Lakini alipoinua macho aliona ukungu mnene ukiteremka kutoka mlimani, na mbele yao kulikuwa na mianzi, na ndani ya mianzi kulikuwa na nyati. Ukungu ukiwakuta humo ni hatari kwa wote watatu. Akajiambia, msichana amesogea karibu na mwenzake kwa woga. Akaenda, na akaongeza mwendo.

Mara saba Kisamo aligonga. Mara saba Ndeshi alijibu, akasikiliza nyuma, kisha akagonga tena kwa ajili ya mwenzake. Mara ya saba aligonga huku analia, na bado aligonga.

Na kule nyuma ya mti? Lekule alimfunika Mkunde ile ngozi, akaifunga shingoni kwa vidole vizito.

"Umekuja kweli," Mkunde akanong'ona.

"Nimekuja. Utaona baridi huko. Sasa nenda, watakuacha."

Hawakukaa hata muda wa kumenya ndizi mbili. Mkunde akarudi njiani, na ukungu ukafika, ukazima sauti za mbali. Lekule akamsikia akigonga. Ko. Sauti ile ilimfurahisha, akajua mchumba wake yuko njiani. Akateremka nyumbani akiwa na moyo mwepesi. Aliisikia ile ko moja, na hakungoja kusikia kama kuna aliyeijibu.

Kisamo na Ndeshi wakatokea juu ya ukungu, kwenye jua. Uwanda ulikuwa mbele yao, nyasi zimelala kwa upepo, vijito vinakatiza huku na huku, na barafu iko karibu hata macho yanauma. Mahali pazuri, nao hawakupaona. Kisamo aligeuka akaona mtu mmoja tu.

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mjomba."

"Nyuma wapi? Ile ko ya tatu ilikuwa ya nani?"

Ndeshi akainamisha kichwa. "Ilikuwa yangu."

"Nilijua," Kisamo akasema.

Ndeshi akainua kichwa taratibu. "Ulijua, ukaendelea?"

Walitazamana, kila mmoja akiona kosa la mwenzake na lake mwenyewe, na upepo ukawa unavuma. Kisha wakageuka wakaingia tena katika ukungu, mbio.

Waligonga. Waligonga huku, waligonga kule, waligonga kila shina. Ko, nao wakanyamaza wasikilize. Ko, nao wakanyamaza. Kitu pekee kilichojibu ni maji kudondoka. Ndeshi akamshika Kisamo nguo. "Mjomba, tumwite. Nakuomba, tumwite kwa jina."

"Hapana. Ukimwita humu, hata tukimpata tutampata nusu."

"Bora nusu."

"Hapana, binti yangu. Mimi siwezi kumrudishia dada yangu mtoto nusu." Naye alikuwa analia akisema hivyo, msimdhanie kuwa ni jiwe. Akagonga tena, na fimbo yake ikapasuka.

Kule kijijini Mama Mkunde alikuwa ameanza kumenya ndizi tangu asubuhi. Alimenya mbili, akaweka kisu, akaenda langoni kutazama njia. Akarudi, akamenya moja, akaenda tena. Jua lilipoanza kushuka, ndizi alizomenya za asubuhi zilikuwa zimekuwa nyeusi. Lekule alikuwa amekuja kukaa uani kwake, kama ilivyo desturi, kumngoja bibi harusi na maji yake. Alikuwa anatabasamu peke yake. Mama akamwona akitabasamu, akapata nafuu kidogo, akasema moyoni, huyu haogopi, kwa nini mimi niogope?

Kabla jua halijazama, watu wakatokea kwenye ukingo wa msitu. Mama Mkunde akawahesabu. Wawili. Akapangusa macho, akawahesabu tena.

Hakulia. Alisimama katikati ya njia mpaka walipomfikia, akawauliza neno moja. "Mlimwita?"

Kisamo akasema, "Tuligonga, dada. Tuligonga mpaka fimbo ikapasuka."

"Sikuuliza kama mligonga. Mlimwita?"

"Hatukumwita."

"Mliogopa msitu utalishika jina lake," Mama Mkunde akasema. "Haya. Msitu umemshika mwenyewe, na jina mmenirudishia mimi."

Nyuma yake tabasamu la Lekule lilikuwa limekufa. Akakaa chini palepale. Ndipo akasema juu ya mluzi na ile ngozi.

Kesho yake kijiji kizima kilipanda. Walimtafuta siku tisa. Sikilizeni walichokiona, kwa sababu hiki ndicho kilichowavunja. Uwandani, chini kabisa ya barafu, kibuyu cha Mkunde kilikuwa kimesimama juu ya jiwe bapa, kimejaa maji, mdomo umezibwa kwa nyasi. Kando yake nyasi zilikuwa zimelala pale mtu alipokaa muda mrefu. Binti yule alikuwa na akili. Alipopotea katika ukungu alifuata mwinuko, akatokea uwandani kwa upande mwingine, akafanya kazi aliyotumwa, akakaa kuwangoja wenzake. Na wenzake walikuwa chini wakimtafuta. Kisha nyayo zake zilikuwa zinateremka upande usio na njia, kwenye mabonde, alikokwenda kuwatafuta wao. Nyayo ziliishia kwenye mawe. Hakuonekana tena, yeye wala ngozi ile.

Siku ya kumi Mama Mkunde akafunga lango lake.

Sasa watu wale, mtu akimkosea mwenzake kosa zito, alichuma jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyekosewa. Jani likipokelewa, neno limekwisha. Kama kosa lilikuwa la kifo, aliyepokelewa jani lake alishika nafasi ya marehemu katika nyumba ile. Alilima migomba yake, akala kwenye chungu chake, akamzika mzee wa nyumba siku ikifika. Ila kwa msiba mmoja hupokelewa jani moja tu. Aliyelipeleka ndiye mwenye kosa, naye ndiye mwenye msamaha. Wengine wote huhesabiwa hawana kosa, na kwa kuwa hawana kosa hawana cha kusamehewa, na lango lile hawalipiti tena maisha yao yote. Na jani lisipofika kabla mwezi haujafa, lango hubaki limefungwa kwa watu wote milele.

Mwanzoni hakuna aliyelitaka. Kisamo alisema, "Mimi niliongoza njia ileile kama siku zote. Aliyedanganya kwa fimbo anajulikana." Ndeshi alisema, "Mimi nilimfichia siri ndugu yangu. Aliyemtoa mtu njiani anajulikana." Lekule alisema, "Mimi nilimrudisha njiani akiwa hai, amevaa ngozi. Waliomwacha wanajulikana." Kila mmoja alikuwa na maneno, na kila mmoja alikuwa hali chakula.

Mwezi ukawa unapungua. Kwa Mama Mkunde hapakutoka moshi. Siku ya kwanza watu walisema, anaomboleza. Siku ya tatu walisema, atakula. Siku ya sita walipita langoni wakitega sikio, wakasikia akikohoa, wakashukuru kwamba anakohoa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Alikuwa anakufa mle ndani kwa kukosa mtu, na mtu angeweza tu kuingia kwa jani.

Mwezi ulipobaki kama ukucha, asubuhi moja wote watatu wakakutana langoni bila kupanga. Kila mmoja ana jani. Kila mmoja alipomwona mwenzake alikasirika, na safari hii walikuwa wanagombania lile kosa.

Lango likafunguka. Mama Mkunde alikuwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akaunyoosha mbele, wazi. "Semeni," akasema.

Kisamo akapiga magoti. "Dada, pokea langu. Hawa ni vijana, walikosa kwa kutojua. Mimi nilijua. Sikio langu liliniambia, nikalinyamazisha kwa sababu niliogopa nyati na ukungu. Kisha mimi ndiye niliyekataza asiitwe. Kama angeitwa, huenda angesikia kule alikokuwa. Tulizaliwa tumbo moja. Usiponipokea, nitakuwa kaka anayepita nje ya lango la dada yake kama mgeni."

Ndeshi akapiga magoti. "Mama, pokea langu. Desturi yenu ilikuwa na dawa ya mtu kupotea, nayo ni ko mbili. Zingekuwa mbili mjomba angesimama, na kusimama kungemwokoa mwanao. Mimi niliua ile dawa, si mara moja, mara saba, na kila mara niliweza kuacha. Sikuwa na woga wa nyati. Niliona haya tu. Tangu siku ile nikikoka moto, nikitwanga, mkono wangu unataka kugonga mara mbili. Nipe kazi ya mkono huu nyumbani mwako."

Lekule akapiga magoti. "Mama, hawa walimpoteza aliyekwisha kutolewa njiani. Aliyemtoa ni mimi. Nilimwita kwa mluzi, akaja kwa kuwa ananipenda. Na nilimsikia akigonga, nikaenda zangu nikifurahi. Hatua kumi tu ningemfuata. Mimi nilikuwa niwe mwanao kwa njia ya harusi. Njia ile imekwisha. Imebaki hii."

Watu walikuwa wamejaa njiani. Waliosema Kisamo walisema. Waliosema Ndeshi walisema. Kina mama wengi walisema Lekule, na waume zao wakawauliza kwa nini, na ugomvi ukaingia majumbani mpaka leo.

Mama Mkunde akatazama majani yale matatu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo iliyowanyamazisha wote, "Mnasema hamkumwita. Na yeye? Alikaa pale juu peke yake, akateremka mabondeni peke yake, ana koo, ana pumzi, na hakupiga hata ukelele mmoja ili mumsikie. Nani alimfundisha kunyamaza hivyo, hata kufa? Mimi. Nilimfundisha tangu ananyonya. Mtoto mtiifu. Haya, na mimi jani langu nimpelekee nani?"

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, na mwezi ule haukuwa na siku nyingine.

Mimi nimefika hapo, na sina zaidi. Amesimama langoni, wawili watarudi nyumbani na majani yao mkononi, na ninyi mmenyamaza mnanitazama kana kwamba mimi ndiye mzazi wake. Semeni ninyi, na atakayenuna anune. Je, nani alistahili jani lake lipokelewe?